Mara Moja Ipi?

Kutoka, wote walitaka kutoka. Hilo liwe wazi tangu mwanzo, maana ukiwasikia walivyokuwa wakitukanana redioni ungedhani mmoja anataka nchi ibaki ndani ya Umoja wa Soko na mwingine anataka itoke. Wapi. Ugomvi wao ulikuwa wa namna ya kutoka. Kulikuwa na kambi iliyotaka nchi itoke leo hii, kesho tuwe tumeshausahau Umoja. Kiongozi wao watu walimwita Leo-Leo, na jina alilipenda mpaka akalichapisha kwenye kofia. Na kulikuwa na kambi iliyosema tukae kwanza, tupange, tutaje siku, na siku hiyo ikifika tutoke kwa mkupuo. Kiongozi wao akabatizwa Tujipange. Miezi kumi na minne watu wazima wawili, wenye wajukuu, waliitana wasaliti, vibaraka na wendawazimu, na nchi nzima ikaacha shughuli zake ili iwasikilize.

Bi Nukta hakuwa wa Leo-Leo wala wa Tujipange. Alikuwa msomaji wa prufu katika idara ya chapa ya serikali, ghorofa ya chini, chumba cha pili baada ya ngazi, kile chenye dirisha lisilofunguka. Kila sheria kabla ya kupigwa chapa ilipita mikononi mwake, na kila sheria ilisomwa kwa sauti. Ndiyo iliyokuwa kanuni ya chumba kile: mmoja anasoma, mwenzake anafuatilia kwenye nakala, na msomaji hatamki maneno peke yake, anatamka kila kilichoandikwa kwenye karatasi. "Herufi kubwa, waziri, mkato, baada ya kushauriana na baraza, mkato, atateua wajumbe, nukta." Miaka ishirini na saba ya kusoma hivyo ilikuwa imemharibu. Akigombana na mtu sokoni alimalizia na "nukta", na mtu akajua kwamba hapo hapana mjadala tena. Jina lake la kwenye cheti lilibaki kwenye cheti.

Wakishasoma, Bi Nukta hugonga muhuri. Ulikuwa muhuri wa mbao, mpini umeng'aa kwa kushikwa, na ukigongwa unaacha neno moja: IMESOMEKA. Chini yake anatia sahihi. Maana yake haikuwa kwamba sheria ni nzuri. Alishagonga sheria za ovyo kabisa, nyingine za kuchekesha, na akaenda nyumbani akala akalala. Maana yake ilikuwa kwamba atakayesoma hapa, awe nani, awe wapi, ataelewa kitu kimoja na si viwili. Bila muhuri ule mashine haikuwashwa. Hicho ndicho alichokuwa nacho duniani, ukiacha mdogo wake wa kiume aliyemlea baada ya mama yao kufariki, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, dereva wa lori.

Alhamisi moja, saa nane mchana, ikaletwa sheria ya kutoka. Kurasa sita tu. Aliyeileta alikuwa anatabasamu. Kambi zimepatana, akasema, kila upande umeridhika, ipigwe chapa leo ianze kutumika Jumatatu.

Mwenzake wa kufuatilia alikuwa mzee mmoja waliyemwita Kikohozi, kwa sababu ya vumbi la karatasi lililomkaa kifuani. Wakaketi. Bi Nukta akaanza.

"Kifungu cha pili, nukta. Herufi kubwa, nchi itajitoa katika Umoja wa Soko mara moja, mkato, na vibali vyote vilivyotolewa na Umoja vitakoma siku ya kujitoa, nukta."

Wakainua uso wote wawili.

"Hebu rudia," akasema.

Akarudia.

"Mara moja ya sasa hivi?" Kikohozi akauliza.

"Au mara moja ya siyo mara mbili. Siku moja, kwa mkupuo, siku watakayoitaja."

"Au mara moja yangu mimi nikienda msalani. Natoka mara moja, narudi. Labda hao wa Umoja hawajaambiwa tu kwamba tunarudi." Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba, ikabidi apigwe mgongoni.

Bi Nukta hakucheka. Alichukua penseli akaandika pembeni mwa mstari, kwa mwandiko wake mdogo uliosimama wima: Mara moja ipi? Alidhani wameteleza. Miaka ishirini na saba katika chumba kile, na bado mwanamke wa watu alidhani wameteleza.

Mkurugenzi wa idara alipoiona penseli ile, hakutaka kuibeba peke yake. Akamwambia afuatane naye, wakapanda ghorofa ya tatu, kwenye chumba cha wageni walikokuwa wakubwa. Bi Nukta alikuwa amewasikia watu wale wawili redioni kwa mwaka na zaidi wakiapa kwamba hawawezi kukaa meza moja. Sasa aliwakuta si meza moja tu, kochi moja. Leo-Leo alikuwa amevua viatu, kidole gumba kimetoboa soksi. Tujipange alikuwa na boksi la kuku wa kukaanga mapajani. Walikuwa wakila wote wawili humo humo, na mifupa walikuwa wanaiweka juu ya nakala ya sheria, kwenye ukurasa wa kwanza, pale penye jina la nchi.

"Karibu, mama," Tujipange akasema, mdomo umejaa.

"Ahsante, waheshimiwa. Sitakaa. Kifungu cha pili kina maana mbili."

Leo-Leo akapokea karatasi, akaitazama penseli, kisha akamtazama Tujipange. Wakacheka pamoja, kicheko cha watu walioshiba.

"Mbili tu?" Tujipange akauliza.

"Mama," Leo-Leo akasema kwa upole, upole ule wa kumweleza mtoto, "neno hilo tumelitafuta siku kumi na moja. Watu walikesha humu ndani. Wewe unataka kulitupa kwa penseli?"

"Lakini mtu atasoma vipi?"

"Wangu watasoma sasa hivi. Wake watasoma siku ikitajwa. Mimi naenda kwa watu wangu kifua mbele, yeye anaenda kwa wake kifua mbele. Hakuna aliyeshindwa."

"Na wa mpakani, mheshimiwa? Yule wa kufungua geti. Yeye ni wa nani?"

Tujipange alikuwa anatafuna gegedu kwa jino la pembeni. Mkurugenzi akakohoa kidogo, akasema kwamba kama waheshimiwa wameridhika na neno, utaratibu ni kuandika "Iachwe" mbele ya swali la msomaji na kutia herufi za majina. Basi wakaandika. Iachwe, na herufi zake. Iachwe, na herufi zake. Tujipange hakufuta vidole, na karatasi ikabaki na doa la mafuta lenye ukubwa wa kifungo cha shati, unaona hadi upande wa pili.

Wakishuka ngazi, Mkurugenzi alimshika bega. "Bi Nukta, sheria ni yao. Mikato ndiyo yako."

Akagonga muhuri. Tusimpambe, angeweza kukataa. Alisimama mbele ya karatasi ile muda wa kutosha kunywa glasi ya maji, akajisemea kwamba yeye si mbunge, hakuchaguliwa na mtu, swali ameshauliza na jibu limeandikwa. Akagonga, akasaini. Halafu akaenda kunawa mikono, akarudi, akaenda kunawa tena. Harufu ya kuku haikumtoka puani hadi anafika nyumbani.

Sheria ikaanza Jumatatu. Jumatatu hiyo hiyo Leo-Leo alisherehekea na tarumbeta kwamba nchi imeshatoka, na Tujipange alisherehekea bila tarumbeta kwamba nchi itatoka siku ikitajwa. Watu wa huyu wakashangilia, watu wa yule wakashangilia. Bi Nukta alizima redio.

Jumatano saa nne asubuhi simu yake ikalia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Uko wapi wewe, mbona kelele?"

"Mpakani. Hizo kelele ni mzigo. Nimebeba vifaranga elfu nane, wa siku moja. Yaani walikuwa wa siku moja jana."

"Sasa unangoja nini?"

"Ndicho ninachokupigia. Humu ofisini kuna madirisha mawili. La forodha wananiambia kibali changu cha Umoja kimekufa tangu Jumatatu, nikachukue kipya dirisha la mifugo. Naenda la mifugo, hatua nne tu, dada, nimezihesabu. La mifugo wanasema hiki nilicho nacho kiko hai mpaka siku ya kutoka itajwe, na juu ya kibali kilicho hai hawawezi kutoa kingine. Narudi forodha. Forodha wananirudisha mifugo. Tangu jana jioni mimi ni mpira. Na wote wana karatasi ile ile, wananisomea mstari ule ule."

"Mstari upi?" Bi Nukta akauliza, ingawa alishaujua.

"Sijui, kitu cha mara moja. Huyu akilisoma anagonga meza. Yule akilisoma ananyoosha kidole juu, kimoja. Nimewaambia basi ongeeni wenyewe kwa wenyewe, mnakaa chumba kimoja. Wanasema wao hawaruhusiwi kutafsiri sheria."

"Si urudi ulikotoka?"

"Kule hawapokei. Kifaranga akishatoka ametoka." Bi Nukta akawasikia wale elfu nane nyuma yake, sauti moja nyembamba isiyokatika. "Kifaranga akitoka kwenye yai anaishi siku tatu na kile alichotoka nacho tumboni. Hali wala hanywi. Lakini hiyo ni lori likitembea, likisimama hewa haipiti. Nimeshaanza kutoa waliokufa. Tajiri wangu ananiambia nikipoteza mzigo huu nisirudi na funguo." Halafu akasema, bila ubaya wowote, "Dada, wewe si uko huko huko kwenye chapa? Hebu niulizie nani alisoma kitu hiki akaona kiko sawa."

"Nitauliza," Bi Nukta akasema.

Kikohozi akasogeza kiti chake karibu naye. Walishakaa chumba kimoja miaka mingi.

Siku nzima ile alipanda na kushuka ngazi. Mkurugenzi yuko kikaoni. Mkurugenzi anakula. Mkurugenzi ametoka. Alhamisi asubuhi ndiyo akamkuta, mlango wazi, redio inaongea. Na redioni walikuwa wao, wale wawili, kwenye kipaza sauti kimoja. Watu walikuwa wameanza kupiga kelele: mizigo imekwama kwenye mageti yote, maziwa yanamwagwa, nyanya zinaoza. Bi Nukta akasimama pale mlangoni akasikiliza. Mheshimiwa Leo-Leo alisikitishwa sana. Mheshimiwa Tujipange alisikitishwa vilevile. Walichokubaliana wao kilikuwa wazi kama mchana, wakasema, ila kwa bahati mbaya limetokea kosa la uchapaji, la mtumishi mmoja wa ngazi ya chini, na hatua zinachukuliwa.

Miezi kumi na minne hawakukubaliana hata juu ya tarehe ya kikao. Walipopata mtu wa kumtwisha zigo, wakaongea kwa kinywa kimoja.

Kinyaa kilimpanda Bi Nukta. Hakikuwa hasira. Hasira alikuwa anaijua, ina joto. Hiki kilikuwa cha baridi, kama kukanyaga kitu kwenye giza ukiwa peku.

"Umeshasikia," Mkurugenzi akasema, akapunguza sauti ya redio. "Usitie moyoni. Saa nane kuna kamati ya kurekebisha. Utaisoma prufu kama kawaida, wao watatoa maneno mapya, utagonga. Na kuna barua hapa ya mistari miwili, ya kusaini tu."

Barua ilisema kwamba aliyetia sahihi hapo chini, kwa uzembe wake, alipotosha maana ya kifungu cha pili.

"Hakuna atakayekufukuza," Mkurugenzi akaendelea. "Ni kuwatoa waheshimiwa kwenye tope tu."

"Na mimi niingie."

"Wewe hujulikani, Bi Nukta. Tope la mtu asiyejulikana halionekani."

Alisema hivyo kwa nia njema kabisa, akamsogezea na kalamu. Bi Nukta hakuichukua, lakini barua aliichukua. Na hapa ndipo ninapompenda, ingawa ni upumbavu: aliamua kwamba ataisaini. Aliipima akaona sawa tu. Jina lake liende, aibu aibebe, mradi sentensi inyooke. Waandike "leo" au waandike "siku itakayotajwa", yoyote ile, madirisha mawili yatasoma kitu kimoja na mdogo wake atavuka. Akampigia.

"Wangapi wazima?"

"Nusu, labda. Siwezi kuhesabu, wamelaliana. Harufu nayo, dada, sikuelezi. Madereva wengine wameniambia nisogeze lori, nawajibu nisogeze wapi."

"Vumilia hadi saa tisa. Saa tisa karatasi itakuwa imenyooka."

"Kweli?"

"Kweli. Nukta."

Akamsikia anacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu juzi.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu na watu kumi na wawili, kila mmoja na chupa yake ya maji. Leo-Leo na Tujipange walikaa kwa kukabiliana, maana humu mlikuwa na waandishi wa kumbukumbu. Mwenyekiti, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuchoka, akasema kwamba kwa mujibu wa kanuni prufu ya awali itasomwa kwanza. Wote walishafungua simu zao. Hakuna anayesikiliza prufu ikisomwa.

Bi Nukta akasimama, akasoma. Kifungu cha kwanza, na mikato yake. Kifungu cha pili, na mikato yake, mpaka nukta. Halafu hakupumzika.

"Pembeni, kwa penseli, herufi kubwa, mara moja ipi, alama ya kuuliza. Mbele yake, kwa wino wa bluu, herufi kubwa, iachwe, nukta. Herufi za majina." Akazitaja. "Chini yake, kwa wino mweusi, herufi kubwa, iachwe, nukta. Herufi za majina." Akazitaja nazo.

Simu zikashuka moja moja.

"Hayo ya pembeni hayasomwi," Leo-Leo akasema.

"Kanuni inasema kila kilichoandikwa kwenye karatasi, mheshimiwa. Pia pana doa la mafuta. Hilo halina namna ya kusomwa, lakini lipo."

Mtu mmoja mwishoni mwa meza alicheka, akajifanya anapiga chafya. Tujipange alikuwa anatazama kizibo cha chupa yake. Mwenyekiti akamgeukia mwandishi wa kumbukumbu akamwambia, kwa sauti ile ile ya kuchoka, kwamba ya pembeni yasiingie. Mwandishi akafuta. Ikawa imeisha. Bi Nukta alikuwa amesubiri kitu, hata hakujua kitu gani, pengine mtu mmoja tu aone haya. Hakuona haya mtu. Walikunywa maji.

"Waheshimiwa," akasema, na barua akaiweka mezani waione, "hii nitaisaini. Semeni uzembe ni wangu, sitabisha, popote mtakaponiita nitasema ni wangu. Naomba kitu kimoja. Chagueni. Andikeni leo, au andikeni siku itakayotajwa. Yoyote. Mdogo wangu yuko mpakani tangu juzi na vifaranga, wanamfia mikononi kwa sababu madirisha mawili yanasoma neno moja. Mpeni neno lenye maana moja tu."

Mwenyekiti akampa pole. Tujipange naye akampa pole, akauliza vifaranga wa nyama au wa mayai. Kisha wale wawili wakainuka, wakaenda dirishani, wakasimama mabega yakigusana, wakanong'ona. Dakika ishirini. Bi Nukta aliketi akazifuata kwenye saa ya ukutani. Mara mbili aliwaona wakitikisa vichwa, na mara moja, ya kuhesabu, aliwaona wakicheka.

Wakarudi na kipande cha karatasi. Leo-Leo ndiye aliyesoma, kifua mbele.

"Nchi itajitoa katika Umoja wa Soko bila kukawia kwa wakati wake."

"Safi sana," akasema mmoja wa wajumbe.

"Bila kukawia ni yetu," Leo-Leo akafafanua.

"Na kwa wakati wake ni yetu," Tujipange akasema. Akamsogezea Bi Nukta kile kipande, na kwa heshima zote akaongeza, "Hapo katikati uweke mkato au usiweke, mama. Hayo tunakuachia wewe, ndiye fundi."

Simu ilitetemeka mapajani mwake. Ulikuwa ujumbe wa mdogo wake. Alikuwa anaandika anavyoongea, bila alama hata moja, jambo lililokuwa likimkera siku zote.

"dada usihangaike tena watu wa afya wamekuja wamesema harufu imezidi tumechimba shimo nyuma ya choo wametumwagisha wote wazima na wafu nimewaambia hawa bado wanalia wamesema sheria inasema mzigo wote hawakusema sheria ipi nimefukia mimi mwenyewe"

Aliisoma hadi mwisho, akarudi mwanzo akaisoma tena, akiweka nukta kichwani palipohitaji nukta. Palikuwa pengi. Akainua uso akawatazama. Watu kumi na wawili. Mmoja anajikuna sikio kwa ufunguo. Mmoja anauliza kama chai italetwa. Leo-Leo anajipangusa kitu kwenye tai. Wasafi wote, wananukia marashi, na akawa anasikia uvundo kiasi kwamba alibana pumzi.

Kalamu ilikuwa mbele yake, juu ya barua. Kidau cha wino wa muhuri kilikuwa wazi, muhuri pembeni. Bi Nukta akakifunga kidau. Akauchukua muhuri, akaufuta taratibu kwa leso yake, herufi kwa herufi, mpaka leso ikawa nyeusi, akautia ndani ya mkoba pamoja na ile prufu yenye doa. Barua akaiacha pale pale, na mstari wake mtupu. Akainuka.

"Samahani, waheshimiwa," akasema. "Natoka mara moja."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa bila kumtazama.

"Usikawie, mama," akasema Leo-Leo.

"Mwacheni, kila mtu na wakati wake," akasema Tujipange.

Akateremka ngazi. Alipopita mbele ya chumba chake, Kikohozi alitokeza kichwa, akamwona na mkoba, akauona uso. Akaenda akachukua mtandio wa Bi Nukta wa kujikinga na baridi, uliokuwa unaning'inia nyuma ya kiti miaka yote ile, akamletea mlangoni, akamvisha mabegani.

Kwenye geti kulikuwa na mlinzi na daftari lake. Daftari la watumishi, safu mbili: saa ya kutoka, saa ya kurudi. Mlinzi huyu alikuwa mtu mwangalifu, aliyekuwa akiandika kwa kuukandamiza mkono mpaka ukurasa wa pili.

"Unatoka, mama?"

"Natoka mara moja."

Mlinzi akaandika saa ya kutoka. Kalamu ikafika kwenye safu ya pili, ikasita. Akainua macho.

"Samahani, mama. Mara moja ipi? Ya kurudi, au ndiyo unakwenda zako? Nisije nikaandika kitu kikamchanganya wa zamu ya jioni."

Bi Nukta alimtazama mtu yule muda, hata mlinzi akaanza kujishuku kwamba amekosea adabu. Machozi ambayo hayakutoka juu kule yalimjia hapo, mbele ya daftari.

"Sirudi," akamjibu. "Andika hivyo hivyo, mwanangu. Na uweke nukta."